Uzi kwa waandishi wa simulizi za mapenzi: wasomaji tunao, wenzetu wa kuandika nao tunawapata wapi mtandaoni?

Kalamu ya Tabata (mleta uzi)

Habari za jioni wadau. Uzi huu ni wa sisi tunaoandika simulizi za mapenzi, wa riwaya ndefu na wa vipande vya kila siku. Wasomaji wetu karibuni pia, ila leo tunaongea mambo ya waandishi.

Mwandishi wa mapenzi hapa Dar hakosi watu. Rusha sehemu ya kwanza saa mbili usiku, kabla ya saa tatu utaona "tuletee mwendelezo", "arosto imenishika", "nimekaa siti ya mbele". Napenda sana hizo kelele, maana ndizo zinazotufanya turudi kesho yake. Lakini msomaji mwenye arosto hatakuambia kwamba sehemu ya 14 na ya 15 zinasema jambo lile lile. Hatakuambia kwamba kijana wako ametoka Sinza akafika Kigamboni bila kupanda kivuko wala kupita daraja. Wala hatakuambia kwamba wahusika wako wamegombana sura tatu kwa jambo ambalo swali moja tu lingelimaliza. Yeye anataka mwendelezo, na ana haki yake. Hayo mengine atakuambia mwandishi mwenzako, anayeandika mapenzi kama wewe, aliyeketi akaisoma sura yako taratibu.

Huyo mwenzako ndiye adimu. Tunamtafuta kwenye magrupu makubwa, na grupu la WhatsApp linabeba hadi watu 1,024. Likijaa hivyo ni soko: salamu za asubuhi, picha za maua, tangazo la viatu, mtu mmoja karusha sehemu ya 8 ya simulizi yake na hakuna aliyesoma ya 7. Unatoka humo umechoka na hujaandika hata mstari.

Maoni yangu ni haya. Tuache kutafuta umati, tutafute watu watano au sita na shughuli yenye siku na saa. Watu wakiwa na kazi ya kufanya pamoja, urafiki unakuja wenyewe. Wakiwa hawana kazi, hata muwe wema namna gani, mwezi wa pili grupu limekufa.

Shughuli ninazoziona zinafaa kwa mazingira yetu na bando zetu:

Ya kwanza ni kubadilishana sura. Jumapili usiku kila mmoja anaweka sura moja kwenye Google Docs, isizidi maneno 2,500. Mpaka Alhamisi wenzake wameshaisoma na kujibu maswali matatu tu. Wapi umechoka? Wapi umeamini kwamba hawa wawili wanatakana? Wapi hukuamini? Usiniambie "nzuri sana dada, endelea". Niambie mstari gani ulikufanya uache kusoma ukaangalia meseji zingine.

Ya pili ni mbio za kuandika. Saa tatu usiku mmoja anaandika "haya, tuanze", kila mtu anazima data na kuandika dakika 25. Saa ikifika kila mmoja anarudi na kutaja idadi ya maneno yake. Hakuna video, hakuna simu ya pamoja, meseji mbili tu. Wenzetu wa nje wana mfano wake mkubwa: NaNoWriMo ilianza 1999 kule San Francisco na watu 21, ikaja kuwa ya dunia nzima, kila Novemba watu wakawa wanajaribu kuandika maneno 50,000 kwa siku 30. Hiyo ni kama maneno 1,667 kwa siku. Taasisi yenyewe ilitangaza kufunga mwaka 2025, lakini mchezo haukuwa mali ya mtu. Tunaweza kuucheza mwezi wowote, na ukianza na maneno 500 kwa siku bado mwezi ukiisha una maneno 15,000, ambayo ni robo ya riwaya.

Ya tatu naipenda kuliko zote: zoezi la sharti. Mfano, andika wawili wanaokutana kwenye foleni ya mwendokasi Kimara saa kumi na mbili asubuhi, bila kutumia neno "moyo", "macho" wala "tabasamu". Jaribuni muone. Ukinyang'anywa maneno hayo matatu unalazimika kutazama mikono, sauti, namna mtu anavyosogea kumpisha mwenzake, namna anavyoshika begi la mtu asiyemjua ili apate kukaa. Na hapo ndipo mapenzi ya Dar yalipo. Simulizi zetu nyingi zinajaa macho malegevu na tabasamu la bashasha kwa sababu hakuna aliyetuambia tuyaweke pembeni japo kwa siku moja.

Leteni mawazo. Nani ana kundi linalofanya kazi? Nani anatafuta?

Muuguzi wa Zamu

Dada, asante kwa uzi huu, umenigusa. Mimi niko Mbagala, nafanya kazi za zamu, naandika usiku watoto wakilala au kwenye daladala. Naandika mapenzi ya watu wazima, namaanisha watu wa miaka 40 na kuendelea, wajane na walioachika. Kwenye magrupu nikileta naambiwa nipunguze umri wa wahusika ili simulizi ichangamke. Sitaki. Nawajua hao watu, nawaona kila siku wakimshika mkono mgonjwa wao, na mapenzi yao yana mengi ya kusimulia.

Shida yangu ni muda. Saa tatu usiku wiki hii niko nyumbani, wiki ijayo niko wodini. Kundi lenye saa moja tu ya lazima litanitupa nje.

Halafu nauliza: makundi ya nje ya waandishi wa mapenzi yana faida kwa sisi tunaoandika Kiswahili, au ni kujisumbua?

Mwanachuo Mlimani

Da Muuguzi, nikujibu la mwisho kwanza, kwa sababu nimekaa sana kwenye makundi hayo.

Faida ipo, ila lazima ujue unakwenda kuchukua nini. Huendi kupata wasomaji wa Kiswahili, unakwenda kujifunza ufundi. Kule Reddit na kwenye seva za Discord (ni kama magrupu ya gumzo) wanajadili kwa kina mambo ambayo sisi tunayafanya bila kuyapa majina: maadui wanaokuja kupendana, ndoa ya mkataba inayogeuka ya kweli, wapenzi wa zamani wanaokutana tena, wawili waliolazimika kukaa nyumba moja. Wanauliza kila moja inadai nini. Kwa mfano ndoa ya mkataba haisimami kama hakuna sababu nzito ya mkataba wenyewe, na sisi sababu tunazo tele: mirathi, mzee anayetaka kuona mjukuu, fomu ya mkopo, shangazi wa Tanga aliyekwisha pokea posa.

Uingereza kuna chama cha Romantic Novelists' Association, cha tangu 1960. Miaka miwili baadaye walianzisha mpango wa waandishi wapya: ambaye hajachapishwa anatuma mswada mmoja kwa mwaka, unasomwa na mwandishi mzoefu wa aina hiyo na anarudishiwa tathmini ya maandishi. Nafasi zina kikomo na kazi iwe ya Kiingereza, lakini wazo tunaweza kulichukua lilivyo. Mwandishi mmoja mzoefu akisoma miswada miwili ya vijana kwa mwaka, hatukosi kufika mbali.

Marekani walikuwa na chama kikubwa zaidi, Romance Writers of America, kilichoanzishwa Houston mwaka 1980. Mwishoni mwa 2019 kikaingia kwenye mgogoro mzito wa ubaguzi wa rangi, viongozi wakajiuzulu, wanachama wakaondoka kwa maelfu, na Mei 2024 kikaomba mahakamani kinga ya kufilisika. Nataja hili kuunga mkono hoja ya mleta uzi. Chama kikubwa chenye tuzo na mikutano ya hotelini kiliyumba, ila vikundi vidogo vya watu waliokuwa wakisomeana sura havikuhitaji ruhusa ya mtu kuendelea.

Wattpad, ule mtandao wa kuandikia na kusomea simulizi, nao unafaa kwa jambo moja: msomaji anaweza kuacha maoni kwenye aya yenyewe, siyo mwisho wa sura tu. Unaona kabisa wapi watu walicheka na wapi walinyamaza. Kuna simulizi za Kiswahili mle, utazipata kwa kutafuta kwa jina la lugha.

Tandale Kwetu

Mimi ni mwanaume na naandika mapenzi, naomba nihesabiwe.

Mwanachuo, nina hoja. Hao wenzetu wana sharti kwamba simulizi ya mapenzi lazima iishe vizuri. Sisi hatuko hivyo. Msomaji wangu wa Tandale anataka kulia. Nikimwozesha binti bila hata ajali moja, ananiuliza "imeishia hapo?"

Mwanachuo Mlimani

Kweli kaka, kile chama cha Marekani kiliandika vitu viwili: penzi liwe ndiyo kiini cha simulizi, na mwisho uridhishe na uwe wa matumaini. Hawakusema kusiwe na machozi katikati. Ila nakubali kwamba kwetu mkono wa kuua wahusika ni mwepesi mno.

Mhariri Mstaafu

Nimewasoma wanangu. Niliwahi kuhariri hadithi pendwa enzi za vitabu vidogo vya mfukoni, vile vilivyouzwa kwenye vibanda vya magazeti Kariakoo na stendi za mabasi. Nina maneno mawili matatu.

Tandale Kwetu, msomaji wako hataki kifo, anataka gharama. Anataka aone kwamba penzi hilo limewagharimu kitu. Mwandishi asiyejua kutoza gharama nyingine huita ajali ya gari. Mwache binti apoteze kazi, agombane na mama yake hadharani, auze cherehani aliyorithi. Msomaji atalia vizuri tu na harusi itafungwa. Mambo haya yanasemwa mezani na mhariri, na sasa kwa kuwa wengi mnazitoa kazi zenu wenyewe mitandaoni bila mhariri, meza hiyo lazima mjiundie.

La pili, msitazame Ulaya na Marekani peke yake. Kano, kaskazini mwa Nigeria, tangu miaka ya 1980 wanawake wa Kihausa walianza kuandika vitabu vidogo vya mapenzi, wanaviita littattafan soyayya. Wengi walikuwa mama wa nyumbani. Walianzisha vilabu vyao vya uandishi, wakasomeana miswada, wakasaidiana gharama za uchapaji, wakavipeleka sokoni wenyewe. Walipata upinzani mkali, na mwaka 2007 vitabu vya namna hiyo vilichomwa moto hadharani kwa kuambiwa vinaharibu maadili. Hawakuacha. Baadaye vikasomwa redioni na kusambaa kwenye simu. Kilichowashika ni vilabu, maana mtu mmoja peke yake ukimchomea kitabu anarudi jikoni kwake na kunyamaza.

Na hukohuko Nigeria, mwaka 2014 ilizinduliwa Ankara Press, tawi la wachapishaji wa vitabu Cassava Republic, kwa ajili ya riwaya za mapenzi za Kiafrika tupu. Siku ya Wapendanao ya 2015 walitoa bure mtandaoni mkusanyiko wa hadithi fupi za mapenzi pamoja na tafsiri za lugha za Kiafrika. Hiyo ni shughuli mnayoiweza: waandishi saba, hadithi saba fupi, faili moja la PDF, tarehe moja. Tarehe ikishatangazwa mtaandika.

Kalamu ya Tabata (mleta uzi)

Shikamoo mzee wangu. Hili la gharama naliandika ukutani. Na la mkusanyiko nimelichukua, tutalirudia chini.

Binti wa Ilala

Nimefurahia uzi ila kuna mambo mawili lazima yasemwe, hasa kwa sisi wanawake.

Kwanza wizi. Unaandika miezi, mtu ananakili, anabadilisha majina ya wahusika, anaiuza kwa shilingi elfu mbili kwa lipa namba yake. Ndiyo maana wengi wanaogopa kumwonyesha mtu mswada. Hakimiliki inazaliwa pale unapoandika, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda hata kama hujasajili popote. Ila ushahidi ndio kazi. Hifadhi rasimu zenye tarehe, jitumie mwenyewe kwa barua pepe, na kazi ikikamilika isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Ukitaka kuitoa kama kitabu, ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Na hapa kundi dogo lina faida nyingine: watu watano walioisoma sura yako Machi ni mashahidi watano siku mwizi akijitokeza Agosti. Kwenye grupu la watu mia tisa hujui hata nani ameondoka nayo.

Pili ni inboksi. Mwanamke ukiandika mapenzi, kuna wanaume wanaodhani unaandika maisha yako na unatangaza nafasi. Ukiandika tukio la faragha ndiyo kabisa. Nawajua waandishi wazuri walioacha kwa sababu hiyo tu. Kundi lolote litakaloanzishwa hapa liwe na kanuni ya wazi: hakuna kumfuata mwenzako inboksi bila ridhaa yake, na anayekiuka anatolewa siku hiyohiyo, awe nani. Kama admini anasema "mvumilie, ndivyo alivyo", hilo siyo kundi la kuandikia.

Nyongeza fupi kuhusu matukio ya chumbani: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inakataza kuchapisha ponografia mtandaoni, na kanuni za maudhui za TCRA zipo. Mwandishi wa mapenzi azisome kabla ya kurusha. Kwa ufundi hatupotezi kitu. Kiswahili kina ushairi na taarabu iliyosema kila kitu kwa mafumbo na ukumbi mzima ukaelewa.

Tandale Kwetu

Binti wa Ilala umenena. Kama mwanaume naunga mkono kanuni hiyo kwa asilimia mia, na naomba iandikwe ya kwanza kabisa.

Mdau wa Mbezi

Nje ya mada kidogo: je, kukutana ana kwa ana kupo? Mtandao mtamu lakini mimi mtu nisiyemjua sura siwezi kumpa mswada.

Mhariri Mstaafu

Kupo. Soma Book Cafe pale Regent Estate, Mikocheni, ni mahali pa vitabu na wasomaji kwa miaka mingi. Nafasi Art Space nayo iko Mikocheni. Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi Mohamed haihitaji ununue hata chai, na meza zipo. Ulizeni pia UWARIDI, Umoja wa Waandishi wa Riwaya Wenye Dira, mle kuna watunzi wanaouza riwaya za Kiswahili leo hii na wanajua soko kuliko mimi. Anzeni mtandaoni, mkizoeana mkutane mahali pa wazi mchana.

Tena msiziogope tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ilianza kutolewa 2023 na hufanyika Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu. Riwaya ina kundi lake. Kuna na ile ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa 2014 ikiitwa Mabati-Cornell. Someni masharti ya mwaka husika. Riwaya ya mapenzi iliyoandikwa kwa umakini ni riwaya, na tarehe ya mwisho ya tuzo inalisaidia kundi kumaliza kazi.

Kalamu ya Tabata (mleta uzi)

Wadau, nimesoma yote. Da Muuguzi, shida yako ya zamu ina dawa: sura inawekwa wakati wowote kabla ya Jumapili usiku, maoni wakati wowote kabla ya Alhamisi. Mbio za kuandika ziwe mara mbili, saa tatu usiku na saa kumi na moja alfajiri, unaingia ile unayoiweza. Ukiwa huna nafasi ya kuandika maoni, rekodi sauti ya dakika tatu. Tena maoni ya sauti yana uzuri wake, mtu anasikia mahali ulipositasita.

Kundi la kwanza ni watu sita: mimi, Muuguzi, Tandale Kwetu, Binti wa Ilala, Mwanachuo, na nafasi moja namwachia Mdau wa Mbezi akiitaka. Wengine msisubiri sisi. Jiandikeni hapa chini kwa sita sita, mkijitaja mnaandika mapenzi ya aina gani, maana mtu wa vichekesho vya uchumba na mtu wa visa vya ndoa iliyovunjika watachoshana. Mnaosoma tu, mnaweza kujitolea kuwa wasomaji wa awali wa riwaya iliyokamilika, lakini mje na yale maswali matatu.

Kanuni ya kwanza ni ya inboksi, kama alivyoiandika Binti wa Ilala. Ya pili, hakuna sura inayotoka nje ya kundi. Ya tatu, asiyesoma za wenzake wiki mbili mfululizo bila taarifa anampisha mwingine.

Mkusanyiko wetu tuutoe Julai 7, Siku ya Kiswahili Duniani. Hadithi fupi, maneno 3,000 kila moja, PDF ya bure. Mzee wangu, tunakuomba uandike tathmini ya kila hadithi kabla haijatoka.

Mhariri Mstaafu

Nitasoma. Nitumieni maandishi yaliyokwisha pitiwa na wenzenu kwanza, mwezi mmoja kabla. Na sitasifu bure.

Mdau wa Mbezi

Nafasi naichukua. Naandika wapenzi wa zamani wanaokutana tena, kisa kinaanzia msibani Mbezi Luis.

Muuguzi wa Zamu

Asanteni jamani. Jumapili hii niko zamu, hivyo sura yangu nitaiweka Jumamosi mchana. Ni mjane wa miaka 52 na fundi wa feni anayekuja kwake mara ya tatu kwa feni ile ile. Naombeni mniambie kama mnaamini kwamba feni ni mbovu kweli, maana mimi nataka msomaji ajue kabla ya mama mwenyewe.